Mafundo Matatu: Namna ya Kupanga Begi la Kujifungulia Huku Kwetu Kwenye Baridi

Mwanangu wa kwanza alizaliwa usiku, Julai 2014, na neno la kwanza nililolisikia kwa nesi baada ya mtoto kulia lilikuwa, "Kanga kavu iko wapi?" Wifi yangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa leba, begi langu mkononi. Nililipanga kadiri vitu vilivyokuwa vikinunuliwa: vya mtoto, vilivyotangulia, vilikuwa chini kabisa, na madera yangu niliyoyapiga pasi siku ya mwisho yalikuwa juu. Wifi akalimwaga begi zima sakafuni. Kanga alizozipata zilikuwa mpya, hazijawahi kuguswa na maji, bado zina wanga wa dukani. Kanga yenye wanga hainywi maji, inayasukuma tu huku na huku juu ya ngozi. Tulikuwa upande wa Isyonje, huku Mbeya, ukungu umeegemea madirishani. Mtoto akapoa, nyayo zikawa za baridi, akachelewa kushika ziwa. Alipata nafuu na leo ni kijana wa shule, lakini ile saa ya kungoja apate joto sijaisahau.

Tangu hapo nimezaa mara mbili zaidi. Kazi yangu ni cherehani, hapa Uyole, na mama anayekuja kushonewa dera la ujauzito hukaa, huongea, na mwisho huuliza, "Dada, begi nalipangaje?" Sasa hivi nampangia mdogo wangu, anayetarajia mwezi wa saba, baridi ileile. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayomfanyia yeye.

Shika hili kabla ya mengine: begi hutalifungua wewe. Uchungu ukikolea hutajua hata ndala zako ziko wapi. Atalifungua wifi, dada, mama mkwe, au nesi ambaye hajawahi kuliona, na huenda umeme umekatika. Kwa hiyo lipange kwa ajili ya mikono ya mtu huyo. Mimi nagawa vitu vyote katika mafurushi matatu, kila furushi limefungwa ndani ya kanga kuukuu, na kwenye kila moja nashonea utepe wa kitambaa. Utepe wa kwanza una fundo moja, wa pili mafundo mawili, wa tatu matatu. Hata gizani vidole vinahesabu.

Muda wa kuanza ni wiki ya 34, usingoje zaidi. Kama kadi imekuchanganya, chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, kisha hesabu miezi 9 mbele. Mdogo wangu hedhi yake ilianza tarehe 1 Oktoba, matazamio yake yakaangukia tarehe 8 Julai, na wiki yake ya 34 ilikuwa mwishoni mwa Mei. Mimba inahesabiwa kukomaa kuanzia wiki ya 37, ila wapo wanaoshikwa mapema, hasa wenye mapacha. Na huku kwetu kuna sababu nyingine ya kuwahi: nguo hazikauki. Kuanzia Juni unaweza kuanika kanga siku mbili, ukaigusa ukadhani imekauka kumbe imepoa tu. Ukiifungia kwenye begi hivyo, utaikuta inanuka uvundo siku unayoihitaji.

Hapo fundi nina la kusema. Kila kitu kitakachomgusa mtoto kifuliwe mara mbili, kisuuzwe hadi povu liishe, kianikwe juani hata kama jua lenyewe ni la saa mbili, kisha kipigwe pasi pande zote mbili. Pitisha pasi taratibu kwenye mishono na mapindo, kwa sababu unyevu hujificha pale penye kitambaa kilichorudiwa. Kama pasi yako ni ya mkaa, ifute kwanza majivu. Kanga nzuri kwa mtoto ni ile iliyozeeka kidogo, iliyofuliwa hadi ikawa laini. Niliyomfutia mwanangu wa pili ilikuwa ya mama yangu, imepauka hadi jina lake halisomeki, na ilinyonya maji kama sifongo. Nguo za mitumba za Mwanjelwa hazina ubaya wowote, sweta za watoto pale ni nzito kuliko nyingi za dukani. Zifue tu kwa maji ya moto.

Ukienda kliniki mimba ikiwa na miezi saba au minane, muulize nesi: nikija kujifungua hapa nije na nini? Kwa sera, huduma ya uzazi katika vituo vya serikali haina malipo, lakini kuna siku vifaa vinakuwa vimeisha, na ni afadhali ujue mapema kuliko kumtuma mumeo kutafuta duka la dawa lililo wazi usiku wa manane. Kwa kawaida utatajiwa mpira wa kulalia wakati wa kujifungua, pamba, jozi kadhaa za glavu zilizofungwa moja moja, vibanio vya kitovu na wembe mpya. Usifungue pakiti hizo kuzitazama. Glavu ikishafunguliwa nyumbani si safi tena kwa kazi ile.

Hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye furushi la fundo moja, pamoja na vitu vinne vya mtoto: kanga mbili, kofia, soksi. Basi. Usiongeze hapo hata sabuni.

Kanga mbili zina sababu yake. Mtoto anazaliwa ameloa, na maji yale yanapokauka mwilini huondoka na joto lake, kama unavyosikia baridi ukitoka kuoga bafu la nje asubuhi ya Juni. Kanga ya kwanza ni ya kumfuta: mgongo, kifua, na hasa kichwa, maana kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa mwili wake na ndicho kinachopoteza joto jingi. Kanga hiyo ikishalowa iondolewe kabisa, isimzungushie tena. Ya pili, kavu, ndiyo inayowafunika nyinyi wawili akiwa amelazwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na soksi. Hakuna blanketi linaloshinda kifua cha mama. Joto la mtoto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na njia ya kienyeji ya kujua ni kumshika nyayo: zikiwa za baridi wakati tumbo lina joto, ujue ameanza kupoa. Akikaa pale kifuani, mara nyingi mwenyewe ataanza kutafuta ziwa. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, na yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, usiyakamue ukayamwaga kama baadhi ya wazee wetu walivyofundishwa. Ni kinga yake.

Kofia nayo iangalie. Nyingi zinazofumwa huku ni nzuri ila ni kubwa, zinateleza hadi machoni. Chagua ndogo itakayomkaa mtoto kichwani bila kuteleza. Isiwe na kamba ya kufunga chini ya kidevu.

Furushi la mafundo mawili ni la mama baada ya kujifungua. Weka pedi za uzazi, pakiti mbili kama unaweza. Weka kanga tatu za rangi ya kukolea, chupi kubwa tano au sita, taulo, soksi zako nene, sweta la kufungua mbele, na dera. Kuhusu dera, wengi hukosea. Wanaletewa zawadi dera zuri lenye shingo ya mviringo iliyobana, halafu wodini, kila mtoto akililia ziwa, wanalazimika kulivua lote hadi kiunoni kwenye baridi. Chukua dera lolote ulilonalo, mpelekee fundi alipasue mbele hadi chini ya kifua, aweke vifungo vitano. Ni kazi ya nusu saa. Kama unatazamiwa kufanyiwa upasuaji, dera liwe pana, na chupi zipande hadi kitovuni ili mpira wake usikae juu ya mshono. Na uongeze nguo za siku tatu au nne, kwa sababu wa upasuaji hatoki upesi kama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, ambaye naye anatakiwa akae chini ya uangalizi angalau saa 24.

Pembeni ya hilo furushi viwepo sabuni ya mche, mswaki, ndala, beseni, na mfuko mmoja wa nguo chafu. Mfuko huo usiusahau. Kanga zenye damu zikichanganyika na safi, umeshapoteza begi zima.

Nikiwa kwenye pedi, nitue kidogo. Wanawake wengi wanaona haya kusema habari ya damu, wanajifunika kimya wakidhani kila aliyezaa hutoka hivyo. Damu hutoka, ni kweli, lakini ukilowanisha pedi nzima kabla saa haijaisha, au ukaona mabonge makubwa, au ukasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, usingoje zamu ibadilike. Ita nesi. Anayekusindikiza naye umwambie hilo mapema, kwa maneno hayo hayo, ili wewe ukiishiwa nguvu yeye apaze sauti.

Furushi la mafundo matatu ni la mtoto na safari ya kurudi nyumbani: fulana tatu za pamba, nepi za kitambaa nane au zaidi, pampasi chache ukipenda, sweta mbili, suruali ndogo zenye kufunika miguu, blanketi, na shali. Mafuta yenye manukato, poda, chuchu ya bandia na chupa ya maziwa viache dukani. Beseni la kumuogeshea mtoto nalo liache nyumbani, kwa sababu mtoto haogeshwi kabla saa 24 hazijapita, na huku kwetu, asubuhi ikiwa na ukungu, mimi ningesubiri hadi jua litoke siku ya pili. Ile nta nyeupe anayozaliwa nayo inamlinda, haihitaji kusuguliwa. Kitovu kikae kikavu na wazi, nepi ifungwe chini yake, kisipakwe chochote cha kienyeji.

Siku ya kurudi msimfunge mtoto mablanketi matano mkambebesha bibi kama mzigo. Mama ambebe kifuani, ndani ya sweta, shali juu, uso wazi. Usimwekee chupa ya maji ya moto ubavuni, ngozi yake inaungua kabla hajaweza kulia kwa namna utakayoielewa. Na nyumbani, nawasihi sana, msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga mlango na dirisha. Najua baridi ya Julai ilivyo, nimezaliwa nayo. Lakini mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na inaua mama na mtoto wakiwa usingizini. Otesheni moto jikoni, chemsheni chai, jiko libaki huko. Joto la chumbani litoke mwilini mwako na kwenye mablanketi.

Mfuko wa nje wa begi ndio wa kuwekea karatasi. Mimi nashona kabisa kifuko chenye zipu, nakifungia kwenye mkono wa begi kisipotee. Humo huingia kadi ya kliniki, kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, fedha za nauli zilizochenjiwa, na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu, maana simu huzima. Kadi ya kliniki ina kundi lako la damu, wingi wa damu, vipimo vyote. Bila hiyo wanaanza na wewe upya. Kwenye karatasi hiyo andika pia majina ya ndugu wawili waliokubali kuchangia damu. Uwaulize sasa, wasiambiwe siku hiyo. Ongeza tochi na chaja.

Chakula kisikuumize kichwa. Chupa ya chai ya lita moja na nusu yenye uji wa ulezi, sukari pembeni, maji ya kunywa, ndizi mbivu. Ukiwa kwenye uchungu muulize nesi kabla ya kula, na kama ni upasuaji usiweke kitu mdomoni hadi uruhusiwe.

Kuna kitu kimoja ambacho hukukiweka wewe lakini utakikuta begini. Kwenye mimba yangu ya pili, nilipokuwa narudishia kanga, nilikuta chupa ndogo ya maji ya mizizi imeviringishwa ndani ya soksi. Aliiweka mama mkwe wangu. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mama mwenye upendo, na ile dawa yeye mwenyewe aliinywa alipozaa watoto wake, ili uchungu uende haraka. Nilimfuata jikoni, nikapiga goti, nikamwambia, "Ndaga fijo, mama, asante sana. Najua umeniwazia mema. Lakini nesi ametukataza kabisa, anasema inaukamua mfuko wa uzazi kwa nguvu kupita kiasi, mtoto anakosa hewa na mfuko unaweza kupasuka." Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Sasa mimi nitakusaidia nini?" Swali hilo liliniingia sana, kwa sababu lilikuwa la haki. Nikamwambia, "Mama, nataka wewe ndiye ushike begi." Nikamfundisha mafundo, akayashika kwa siku moja. Usiku ule wa kujifungua yeye ndiye aliyekuwa mlangoni, na nesi alipoita, furushi la kwanza lilikuwa limeshafika kabla hajamaliza neno. Kwa hiyo usiwatukane wazee wala usiwafiche. Waondolee dawa, wape kazi.

Mwenye kukaa mbali naye apange njia kabla ya begi. Ukiwa Uyole na umeandikiwa kwenda Hospitali ya Wazazi Meta, ni kama kilomita 10, lakini foleni ya malori kwenye barabara kuu inaweza kuzigeuza kilomita hizo kuwa saa nzima. Kama unaishi juu, njia za Kitulo au Makete, shuka wiki mbili kabla ukae kwa ndugu aliye karibu na kituo. Zungumza na bodaboda mmoja au mwenye gari unayemwamini, mwenye namba inayopatikana usiku. Na kukiwa na dharura, piga 115 bila malipo, ni namba ya mfumo wa M-Mama wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Dharura ni kutokwa damu, kichwa kuuma sana au kuona ukungu machoni, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiona mojawapo, ondoka hata kama begi halijakamilika. Begi litakufuata.

Mwisho wa kazi ni majaribio, na hayo wengi hawayafanyi. Juzi begi la mdogo wangu lilipokamilika nililining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango wao, mahali litakapokaa hadi siku yenyewe. Mume wake ndiye atakayekuwa naye usiku, mimi nitawakuta huko huko. Nikamwambia, "Shemeji, njoo." Nikazima taa. "Nesi anataka kanga kavu na kofia." Nikamsikia anapapasa, anahesabu kwa sauti ya chini, fundo moja, akavuta, akanikabidhi kanga, kisha kofia. "Dada yangu ameloa, anataka pedi." Mafundo mawili, akatoa. "Kadi." Zipu ikalia. Nilipomwambia soksi za mtoto alichelewa, tukawasha taa, tukakuta zimeingia ndani ya mkunjo wa kanga ya pili. Mdogo wangu akazitoa, akazitia ndani ya kofia, akafunga tena utepe. Tukazima taa, tukarudia.